Herufi sita hazitoshi kuandika jina la mahali

Ndugu Mhariri,

Jumatano iliyopita mlitoa barua ya msomaji wa Dar es Salaam aliyesema mambo matatu kuhusu vifaa vya GPS vya mkononi, vile vinavyokuambia ulipo kwa kusikiliza setilaiti: kwamba vimebaki chuma chakavu, kwamba simu ya laki mbili inafanya kazi hiyohiyo, na kwamba hata hiyo simu mtu asihangaike kurekodia safari zake za porini na milimani kwa sababu "ramani zote zipo tayari". Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Kwenye hilo la simu sina ugomvi naye. La chuma chakavu nitamweleza habari za chuma changu. La tatu ndilo lililoninyima usingizi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Lushoto. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akiwabebea mizigo watafiti wa ndege waliokuja msitu wa Magamba. Mwaka 2008 mmoja wao, wakati wa kuondoka, alimwachia kifaa kidogo cha GPS, cha njano, kinachojaa kiganjani, kwa kuwa alikwishanunua kipya. Mdogo wangu alikigeuzageuza wiki nzima akitafuta redio. Alipoona hakina redio wala tochi akaniletea. "Dada, hiki ni cha kisomo," akasema, akaenda zake.

Kinatumia betri mbili za AA, na zikiwa nzuri kinakesha nazo, karibu saa 22. Hakina ramani hata moja ndani yake. Kioo ni cha kijivu, katikati kuna kijitu kinachotembea, na nyuma ya kijitu unaburutika mkia wa vidoa kuonyesha ulikopita. Wanafunzi wangu walikipenda kijitu kile kuliko somo lenyewe. Unaweza kuweka humo alama za mahali 500, na kila alama ukaipa jina, mradi jina lisizidi herufi sita.

Hizo herufi sita ndizo zilizonifundisha kazi.

Mwaka 2011 niliteremka na mzee mmoja wa Shume, wakati huo amevuka miaka themanini, kwa njia ya miguu ya zamani inayoshuka kuelekea Mkumbara kwenye reli. Upande huohuo Wajerumani walikuwa na njia yao ya kamba za chuma ya kushushia magogo, lakini watu na vikapu vyao walishuka kwa miguu yao wenyewe, na mzee alikuwa miongoni mwao tangu utotoni. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba nataka kuirekodi njia. Akanitazama. "Mwanangu, unataka kuipeleka wapi?"

Baada ya mwendo wa saa moja hivi akasimama kwenye jiwe lililokaa kama meza, kimo cha begani. "Hapa ni Tua Mzigo." Nikabonyeza kuweka alama. Sasa, kuandika kwenye kifaa kile ni kazi ya subira: unapandisha herufi mojamoja, ukitaka T lazima uanze na A uzipite zote hadi uifikie. Mzee akakaa, akavuta kiko, akaniuliza kama naandika barua. Nikamwambia naandika jina. "Jina moja, muda wote huo?" Nikaishia TUAMZI.

Hatua kama mia mbili chini yake akasimama tena, safari hii kwenye ukingo wa udongo uliokatwa mfano wa rafu, juu kuliko lile jiwe. "Na hapa ni Tua Mzigo ya Wanawake." Akanieleza. Mwanamume alibeba begani. Akifika kwenye jiwe anasogea tu, mzigo unahamia juu ya jiwe, anapumua, kisha anaingiza bega chini yake na kuendelea. Mwanamke alibeba kichwani. Jiwe la begani halimfai, na akiutua mzigo chini atahitaji mtu wa kumtwisha, na alfajiri njiani mara nyingi yuko peke yake. Basi wanawake wakakata rafu yao kwa majembe, kimo cha kichwa, mzigo unateleza kuingia na kutoka bila msaada wa mtu. Nilisogea nikajipima. Mimi si mrefu. Rafu ilinipita vidole vinne.

Nikaandika tena TUAMZI. Kifaa kikakataa: jina hilo lipo.

Nikatoa daftari la shule mkobani. Tangu siku hiyo nakiacha kifaa kijipe namba zake, 001, 002, 003, na kwenye daftari naandika namba, jina kamili, aliyeniambia, na mahali pale palitumika kwa lipi. Mzee yule alifariki miaka miwili baadaye. Leo nina madaftari kumi na moja, na nikiambiwa nyumba inaungua nichague kimoja, kifaa cha njano kitabaki humo humo ndani.

Sasa nimwambie huyo ndugu wa Dar es Salaam hizo ramani zake zilizo tayari zinasema nini. Miaka michache baadaye kijana mmoja anayetembeza wageni alinionyesha njia yetu ile kwenye simu yake. Imo, mstari safi kabisa, mgeni fulani aliirekodi akaiweka. Na kwenye jiwe la Tua Mzigo ameandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "Mwamba Mzuri". Rafu ya wanawake haimo kabisa. Sikumlaumu mgeni, alipita, akaona jiwe zuri, akaandika alichoona. Wa kulaumiwa ni mimi niliyekuwa na jina lenyewe kwenye daftari, kabatini, chini ya vitambaa vya meza.

Wengi hawajui kwamba ramani ile ya kwenye simu ya kijana haikuchorwa na serikali wala na kampuni. Ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kujiandikisha na kuihariri, kama unavyosahihisha insha. Vijana wa Kibera, Nairobi, waliingiza mitaa yao humo mwaka 2009, wakati ramani nyingi zilikionyesha kitongoji chao kama doa tupu. Na Dar es Salaam yenyewe, anakoishi ndugu yetu, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015: wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi walizunguka kata zinazofurika, wakaweka mitaro, madaraja na nyumba. Kama anatumia ramani ya namna hiyo kukwepa maji wakati wa masika, ajue kuna binti au kijana aliyekanyaga tope la mtaro ule akiwa na kifaa mkononi. Ramani haijichori yenyewe.

Mpwa wangu alinikalisha chini na laptopu yake. Kifaa changu ni cha zamani, nyuma kina tundu chini ya kipande cha mpira, na waya wake ni wa aina ambayo kompyuta za leo hazina pa kuuchomekea. Ilibidi tununue kiungo cha kati. Kuna programu ya bure inaitwa GPSBabel, hiyo inanyonya kila kilichomo kwenye kifaa na kukigeuza kuwa faili la GPX, ambalo ndilo wanaloelewana nalo wote, kifaa, simu na kompyuta. Halafu tunafungua QGIS, programu ya ramani, nayo ya bure, tunaweka mstari juu ya picha ya kutoka angani. Mara ya kwanza nilipoona alasiri yangu nzima imelala pale kama uzi kwenye kitambaa, kona kwa kona, hadi pale nilipokosea njia nikarudi, nilinyamaza kwa muda. Nimechora ramani ubaoni miaka 31 kwa chaki. Sikuwahi kuwa ndani ya ramani.

Tulibadilisha "Mwamba Mzuri" ikawa Tua Mzigo. Rafu ya wanawake tukaiongeza, na kwenye sehemu ya maelezo tukaandika kwa nini ipo. Ilituchukua dakika kumi.

Nirudi kwenye simu, maana hapo kuna jambo watu wanalikosea kila siku. Vijana wananiambia, "Mwalimu, kule msituni hakuna mtandao, kwa hiyo GPS ya simu haifanyi kazi." Si kweli. Setilaiti zile ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, zinatangaza saa na mahali zilipo, basi. Kifaa chako kinasikiliza tu. Chukulia unasikia adhana za misikiti minne, nawe unajua kila mmoja uko wapi na kila muadhini ameanza saa ngapi hasa. Kwa kuchelewa kwa kila sauti kukufikia unaweza kupiga hesabu ujue umesimama wapi, na muadhini hana habari kama upo. Bando linahitajika kwa kuleta picha ya ramani, si kwa kujua ulipo. Pakua ramani ukiwa bado mjini, kwa programu ya OsmAnd au Organic Maps, kisha zima data upande zako. Simu itakuonyesha njia na itairekodi.

Kwa hiyo, ndugu wa Dar es Salaam, ndiyo, simu inatosha kwa wengi. Isipokuwa mvua ya Usambara haijui bei ya simu yako, na simu inayorekodi huku inapiga picha na kupokea salamu za shemeji haifiki jioni. Mimi nabeba vyote viwili.

Bali kifaa, kiwe cha njano au simu, kinasema uongo kwa sauti ya uhakika, na anayeanza ajue hivyo. Nimelipa ada ya masomo haya mwenyewe.

Chini ya miti mikubwa ya mikulo ya Magamba mawimbi yanagongagonga majani na mashina kabla ya kukufikia, na mstari unaruka kama panzi. Siku moja tulikaa kula pale kwenye gogo, viazi na chai ya chupa, nusu saa nzima hakuna aliyeinuka. Jioni kompyuta ikanionyesha tumetembea mita mia nne tukiwa tumekaa, mstari umejisokota pale kama nywele kwenye kitana. Sasa kabla ya kujisifu kwa kilomita nafuta hayo masongo. Nikisikia mtu anatamba kwamba ametembea kilomita 24.63, hizo pointi za nyuma nazitupa.

Jingine: kwenye kifaa changu, ukichagua "hifadhi" ili kuitunza njia, kinapunguza vidoa na kufuta saa ulizopita kila mahali. Kumbukumbu hai, ile ya safari kabla hujaihifadhi, ndiyo yenye saa. Sikujua. Safari zangu za mwaka wa kwanza zote zina mahali, hazina saa, na siwezi kumwambia mtu kutoka Rangwi hadi Mtae nilitumia muda gani. Soma kijitabu cha maelekezo.

La aibu zaidi lilinitokea mbele ya wanafunzi. Tulikuwa na ile ramani ya karatasi ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, ambayo kwa kazi ya mlimani sijaona inayoishinda. Nikasoma humo namba za chemchemi, nikaziingiza kwenye kifaa, nikawaambia watoto leo mtaona jinsi sayansi inavyompeleka mtu moja kwa moja. Tukatembea saa mbili. Kifaa kikaandika: umefika. Tulikuwa katikati ya shamba la karoti, mwenye shamba amesimama na jembe anatushangaa, na mtoto wa kidato cha pili akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, tunywe wapi?"

Chemchemi ilikuwa kusini yetu, karibu mita 300. Hakuna aliyekosea kupima. Ramani zile zimejengwa juu ya datamu ya Arc 1960, yaani dunia imepimwa kwa umbo na kianzio fulani, na kifaa kinakuja kimewekwa kwenye WGS84, kianzio kingine. Namba zilezile, mahali pawili. Imeandikwa pembeni mwa ramani kwa maandishi madogo, na kwenye kifaa Arc 1960 imo kwenye orodha, ni kuichagua tu. Nilikuwa na shahada na sikuwa nimesoma pembe ya karatasi. Wenye vifaa vya mkononi wanaotumia ramani hizi, Tanzania hata Kenya, waangalie hilo kabla ya kuondoka nyumbani, na wakimaliza wakirudishe kwenye WGS84 kabla ya kumtumia mtu namba, la sivyo wanaihamisha karoti kwa mwingine.

Kuna wanaosema ukorofi huu unatokana na Wamarekani kutubania. Zamani ni kweli: GPS ni yao, na walikuwa wakiyachafua mawimbi ya raia makusudi, kosa likifika hata mita 100. Waliacha Mei 2000. Tangu hapo makosa mengi ni ya kwetu wenyewe, ya miti, na ya mabonde.

Sasa jambo ambalo msomaji wenu hakuligusa na mimi naliona zito kuliko la simu na kifaa. Si kila unachokirekodi ni cha kuonyesha watu. Kuna msitu mdogo, sitasema upande gani, ambako wazee wa ukoo mmoja hufanya matambiko. Nimepita kando yake mara nyingi. Katika daftari langu namba yake ipo na mbele yake nimeandika neno moja: "kaa", yaani kaa nalo. Haujaingia kwenye kompyuta wala hautaingia. Mpwa wangu aliniuliza kama huo si udhaifu wa kisayansi. Nilimwuliza kama angeweka kwenye ramani chumba cha bibi yake.

Na nyumbani kwako vilevile. Kijana akiwasha simu mlangoni kwake kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi na kuzitupa njia zake hadharani, amemwambia mwizi anaishi wapi na yuko wapi saa hiyo. Januari 2018 hata majeshi yalishtuka, ilipogundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, inaonyesha mizunguko ya askari wakikimbia ndani ya kambi zao. Mimi mita mia tatu za kwanza na za mwisho nazikata kabla ya kumpa mtu faili. Wageni wakitaka kujua naishi wapi, waulize sokoni.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Nyie mna wasomaji Mbulu, Rungwe, Pemba, Taita, hadi Bukavu. Kila mmoja wao ana njia ya miguu anayoifahamu kwa jina lake, kona kwa kona, na ana simu. Tengeni robo ya ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, watu walete jina moja la mahali na sababu yake, pamoja na namba zake kwenye WGS84. Sisi wenye muda, wastaafu, tutaziingiza kwenye ramani. Msiombe picha, picha mtaletewa za nyuso za watu. Ombeni jina na aliyelisema. Na mtu akisema la kwake ni la kukaa nalo, msimbembeleze.

Mwisho, kwenye nyongeza yenu ya utalii wa ndani ya mwezi uliopita mlichapa ramani ya Usambara Magharibi, na Mtae mmeiweka kusini ya Lushoto, jirani na Soni. Mtae iko kaskazini, ukingoni kabisa, milima inakatika pale na chini yako unaona mbuga ya Mkomazi. Kwa miguu kutoka Lushoto ni siku tatu za kutembea kwa starehe. Anayeifuata ramani yenu atatokea Mombo, kwenye mabasi. Naomba mlisahihishe toleo lijalo, ukurasa uleule na si ule wa matangazo madogo.

Mwalimu mstaafu,
Lushoto, Tanga